Milimita tatu kati ya dereva na ukuta: Siri ya magurudumu ya mbele ya magari makongwe ya dragi

WATAZAMAJI wa mbio za magari za dragi aghalabu hukazia macho mwanzo wa shindano, pale taa ya kijani inapowaka, injini zikanguruma na pua ya gari ikanyanyuka kana kwamba linataka kupaa. Hata hivyo, wakati wa hatari zaidi kwa dereva huwa mwisho wa safari hiyo fupi, anapoondoa mguu kwenye mafuta na kukanyaga breki akiwa katika mwendo wa kilomita 200 kwa saa au zaidi.

Hapo ndipo gari lililokuwa limenyooka kama mshale laweza kuanza kuyumba, likavuka mstari wa katikati au kugonga ukuta wa zege. Lawama hutupiwa injini, tairi au dereva mwenyewe. Lakini wakati mwingine chanzo huwa ni kitu kidogo mno: magurudumu ya mbele yaliyowekwa vibaya kwa tofauti ya milimita tatu tu.

Kwa wanaokarabati na kuendesha magari makongwe ya mchezo huu nchini Marekani, kulinganisha magurudumu hayo si kazi ya kupunguza kulika kwa tairi. Ni suala la uhai na kifo.

Mbio za mita 402

Mbio za dragi ni shindano la magari mawili yanayotimka sambamba kwenye njia iliyonyooka. Umbali wake wa jadi ni robo maili, yaani mita 402. Chama cha National Hot Rod Association (NHRA) kiliasisiwa mwaka wa 1951 chini ya uongozi wa Wally Parks, na mashindano yake ya kwanza ya kitaifa yakaandaliwa Great Bend, katika jimbo la Kansas, mwaka wa 1955.

Usalama umekuwa kilio cha mchezo huu tangu jadi. Mwaka wa 2008, baada ya dereva Scott Kalitta kufariki katika ajali mjini Englishtown, New Jersey, NHRA ilipunguza umbali wa magari yenye kasi zaidi, ya daraja za Top Fuel na Funny Car, hadi mita 305.

Miongoni mwa magari makongwe yanayoenziwa hadi leo ni yale yaliyobandikwa jina la 'gasa', kwa kuwa yalitumia petroli ya kawaida badala ya mafuta maalumu ya mashindano. Magari haya yalitamba katika miaka ya 1950 na 1960. Yalikuwa magari ya barabarani, mathalani Willys ya 1941 na Chevrolet ya 1955, yaliyotiwa injini kubwa na kuinuliwa pua.

Wengi waling'oa mfumo wa mbele uliotoka kiwandani, ambapo kila gurudumu hujitegemea, wakaweka ekseli moja nzima iliyokalia springi za mabapa, kama ya lori. Nia ilikuwa kuinua sehemu ya mbele ili, gari linapoondoka, uzito uhamie nyuma na kuzikandamiza tairi zinazosukuma.

Mbinu hiyo ilisaidia mwanzo wa mbio. Tatizo ni kwamba kila kinachobadilisha kimo cha gari hubadilisha pia pembe za magurudumu ya mbele.

Pembe tatu

Mwenye gari yeyote nchini Kenya anaifahamu kazi ya kulinganisha magurudumu, maadamu shimo moja barabarani latosha kumrudisha gereji. Kazi yenyewe inahusu pembe tatu, na ni zizo hizo kwa matatu, teksi na gari la mashindano.

Ya kwanza huitwa kasta. Mhimili ambao gurudumu huuzunguka dereva anapokata kona haujasimama wima. Ukiutazama kutoka ubavuni, ncha yake ya juu imeegemea nyuma, upande wa dereva. Mfano wake ni uma wa mbele wa baiskeli, ambao umelala kidogo kumwelekea mwendeshaji.

Mwegemeo huo hufanya mahali tairi inapogusa ardhi pawe nyuma ya mhimili huo. Gari linapokwenda, barabara huivuta tairi nyuma, nayo hufuata mhimili wake kama mkia. Dereva akiachilia usukani, magurudumu hurejea yenyewe katikati. Kadiri kasta inavyozidi, ndivyo gari linavyozidi kung'ang'ania mstari ulionyooka.

Ya pili ni kemba, yaani kuinama kwa gurudumu ndani au nje ukilitazama kutoka mbele. Gurudumu lililoinama huvuta kuelekea upande lilikoinamia. Yakiinama kwa kiasi sawa, mivuto hiyo hukabiliana na kufutana. Yakitofautiana, gari huvutwa upande mmoja.

Ya tatu ni tou. Hii huonekana ukiyatazama magurudumu kutoka juu. Pua za magurudumu zikikaribiana kuliko visigino vyake, husemekana kwamba magurudumu yanakutana. Pua zikiwa mbali zaidi, yanaachana. Magurudumu yanayoachana hulifanya gari kutangatanga, likidaka kila ufa na kila mbonyeo wa barabara.

Vipimo vya kiwandani havitoshi

Magari ya Marekani ya miaka ya 1960 yaliuzwa yakiwa na kasta ndogo mno, nyingi zikiwa karibu na sifuri na nyingine hata zimeegemea mbele kidogo. Watengenezaji walikuwa na sababu zao. Magari mengi hayakuwa na usukani wa kusaidiwa na mashine, na kasta kubwa huufanya usukani uwe mzito, hasa wakati wa kuegesha.

Katika mbio za dragi, hakuna anayeegesha wala kukata kona. Kinachotakiwa ni unyoofu. Ndiyo maana mafundi wa magari haya hupendelea kasta ya digrii tano hadi nane kuelekea nyuma, kemba iliyo karibu na sifuri dereva akiwa ndani, na magurudumu yanayokutana kwa jumla ya milimita moja na nusu hadi tatu.

Huenda msomaji akajiuliza kwa nini tou isiwe sifuri kabisa. Sababu ni kwamba gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma huyaburuta yale ya mbele. Msuguano wa barabara huyarudisha nyuma, nafasi ndogo zilizo kwenye viungo na fimbo za usukani zikajifunga, na pua za magurudumu zikafunguka kidogo. Milimita zile chache zilizowekwa gereji huliwa na mwendo, na magurudumu yakawa sambamba wakati yanapohitajika kuwa sambamba.

Jambo jingine ni usawa wa pande zote mbili. Magari ya barabarani wakati mwingine huwekewa tofauti ndogo kati ya kulia na kushoto ili kukabiliana na mteremko wa barabara kuelekea mtaroni. Uwanja wa dragi ni tambarare. Tofauti hiyo ikiachwa, dereva atakuwa anapigana na usukani tangu mwanzo hadi mwisho.

Gari moja, vimo vitatu

Kosa kubwa la wanaoanza ni kuchukua vipimo gari likiwa limesimama gereji kisha kudhani kazi imekwisha. Gari la dragi halina kimo kimoja. Linapoondoka, pua hupanda. Likifika katikati ya safari, hushuka na kutulia. Breki zinapokamata, pua huzama chini kuliko ilivyokuwa gereji.

Kila mara mwili wa gari unapoinama, kasta hubadilika. Chukua gari ambalo umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni mita 2.75. Pua yake ikinyanyuka kwa sentimita 10, kasta huongezeka kwa takriban digrii mbili. Hilo halina madhara makubwa, kwani kasta zaidi ni unyoofu zaidi.

Balaa iko upande wa pili. Mwenye gari hilo akiweka tairi kubwa zaidi nyuma, sehemu hiyo ikapanda kwa sentimita tano, atakuwa amepoteza digrii moja ya kasta bila kugusa spana upande wa mbele. Breki zikishikwa na pua ikazama, atapoteza nyingine. Aliyeanza na digrii mbili pekee hujikuta hana kitu wakati anapokihitaji zaidi.

Kwa magari yenye ekseli nzima juu ya springi za mabapa, kuna hatari ya ziada. Breki zinapofunga, nguvu ya magurudumu yanayotaka kuendelea kuzunguka huisokota ekseli yenyewe, sehemu yake ya juu ikaelekea mbele. Springi laini hukubali kupindwa, na kasta hupungua zaidi. Ndiyo sababu wajenzi makini hufunga vyuma vya kushikilia ekseli kutoka kwenye chasisi ili isijisokote.

Fimbo inayojigeuza usukani

Hata hivyo, tishio lililojificha zaidi ni lile la magurudumu kujikata yenyewe gari linapopanda au kushuka, ilhali dereva hajausogeza usukani hata kidogo.

Chanzo chake si kigumu kukielewa. Ekseli inapopanda na kushuka, hufuata njia yake kwa mujibu wa springi. Fimbo inayounganisha usukani na magurudumu nayo huchora tao lake, ikining'inia kutoka kwenye sanduku la usukani. Matao hayo mawili yasipolingana, fimbo husukuma au kuvuta, na magurudumu hugeuka.

Katika gari ambalo kila gurudumu hujitegemea, fimbo ni mbili, na kwa kawaida magurudumu huachana au kukutana kwa pamoja. Gari hupoteza utulivu lakini laweza kuendelea mbele. Katika gasa yenye ekseli nzima, fimbo moja ndiyo hutoka kwenye sanduku la usukani. Ikisukuma, magurudumu yote mawili huelekea upande mmoja. Huko ni kukata kona kamili, ila aliyekata si dereva.

Hesabu ya karatasini yaonyesha uzito wa jambo hili. Kwa tairi yenye kipenyo cha sentimita 66, kusogea kwa milimita tatu kati ya pua na kisigino ni sawa na robo digrii. Gari lenye urefu wa mita 2.75 kati ya ekseli, likienda kilomita 200 kwa saa, huvuka takriban mita 55 kila sekunde. Magurudumu yakigeuka robo digrii, na tairi zisiteleze, gari hilo litakuwa limehama mstari wake kwa karibu mita mbili na nusu baada ya sekunde moja pekee.

Katika viwanja vikubwa, njia ya gari moja ina upana wa mita tisa hivi. Gari lenye upana wa mita 1.8 likiwa katikati, limebakiza mita 3.6 kila upande. Dereva basi ana sekunde moja na kitu kabla ya kugonga ukuta au kuingia njia ya mwenzake. Katika muda huo anapaswa kutambua hatari, kusahihisha usukani na asiusahihishe kupita kiasi.

Jinsi ya kupima

Dawa yake ni kupima katika vimo vyote, si kimoja. Fundi huondoa springi, au huzilegeza ili ziruhusu mwendo, kisha huinua na kushusha gurudumu kwa jeki, sentimita moja baada ya nyingine, usukani ukiwa umefungwa katikati. Kila hatua huandika pua na kisigino cha gurudumu vimesogea kwa kiasi gani.

Gurudumu likisogea, marekebisho hufanywa kwa kupandisha au kushusha ncha ya fimbo, au kuhamisha sanduku la usukani, hadi matao yale mawili yakaribiane. Si rahisi kulimaliza tatizo lote. Panapokuwa na budi kuchagua, ni heri usahihi upatikane katika kimo cha kumalizia mbio na cha kufunga breki, kwa sababu huko ndiko kasi ilipo.

Kazi nzima ina utaratibu wake, na kuukiuka ni kujirudisha mwanzo. Kwanza hukaguliwa uchakavu: viungo, kingipini, beringi na bolti za sanduku la usukani. Kupima pembe kwenye kiungo kilicholegea ni kama kupima kitambaa kwa mpira unaovutika.

Pili, upepo wa tairi husawazishwa, tangi hutiwa mafuta kama ya siku ya shindano, na mtu mwenye uzito wa dereva huketi kwenye kiti chake. Gari huwekwa kwenye sakafu iliyo sawa kabisa.

Tatu ndipo kasta huwekwa, kisha kemba, na mwisho kabisa tou. Mpangilio huu una maana, kwani kugusa kasta hubadilisha tou, ilhali kugusa tou hakuiharibu kasta. Kwenye ekseli nzima, kasta hubadilishwa kwa kabari za chuma zinazowekwa kati ya springi na ekseli. Kwa tou, uzi ulionyooshwa kando ya gari, mstari uliochorwa katikati ya tairi na utepe wa kupimia vyatosha kutoa jibu la kuaminika mikononi mwa mtu mwangalifu.

Kila kitu na kipimo chake

Haya yote yasimfanye mtu adhani kwamba kasta ikizidi ndivyo bora bila kikomo. Kasta kubwa mno huufanya usukani uwe mzito na hufanya gari linapokatwa kuinuka upande mmoja na kuinama mwingine, hivyo kuhamisha uzito ulio juu ya tairi za nyuma.

Isitoshe, kwenye ekseli nzima yenye viungo vilivyochakaa, kasta nyingi yaweza kuamsha mtetemo mkali wa magurudumu, yakipiga huku na huku hadi usukani ukamtoka dereva mikononi. Wengine hukimbilia kufunga kidhibiti cha mtetemo huo. Kifaa hicho husaidia, lakini kikifungwa juu ya kingipini iliyolegea huwa kimeficha ugonjwa badala ya kuutibu.

Somo la Garlits

Historia ya mchezo huu ina mfano bora wa jinsi jambo dogo la usukani linavyoweza kuamua hatima ya gari zima. Mnamo Machi 1970, katika uwanja wa Lions, California, giaboksi ya gari la Don Garlits ililipuka na kumkata sehemu ya mguu wake wa kulia. Magari ya aina yake wakati huo yalikuwa na injini mbele, dereva akiwa ameketi nyuma ya mitambo yote hiyo.

Akiwa anauguza majeraha, Garlits aliazimia kujenga gari lenye injini nyuma ya dereva. Wazo hilo halikuwa geni. Wengine walikuwa wamelijaribu na kusifika kwa kukosa utulivu. Gari la Garlits nalo lilianza kwa kuruka huku na huku kila alipogusa usukani.

Suluhisho halikuwa injini mpya wala chasisi mpya. Usukani ulikuwa mwepesi mno wa kuitika, na ulipobadilishwa ili magurudumu yageuke polepole zaidi, gari lilitulia. Mapema mwaka wa 1971 Garlits alishinda nalo mashindano ya Winternationals mjini Pomona, na baada ya miaka michache magari yenye injini mbele yakawa yametoweka katika daraja hilo.

Kwa wanaoyafufua magari makongwe, funzo ni lile lile. Gari likishatengenezwa, halikimbizwi safari nzima siku ya kwanza. Dereva hulijaribu kwa mita chache, kisha nusu ya njia, akiondoa mguu kwenye mafuta mapema na kuhisi iwapo usukani unatulia breki zinapokamata. Likivuta upande, hurudishwa gereji.

Wahenga walinena kwamba mwenda pole hajikwai. Katika mchezo ambao hakuna anayekwenda pole uwanjani, mahali pa kuutii usemi huo ni gereji, mbele ya uzi ulionyooshwa na utepe wa kupimia, kabla taa ya kijani haijawaka.